Kukata si Kupasua: Msamiati wa Useremala kwa Mwanagenzi wa Shinyanga na Geita

Useremala ni ufundi wa kutengeneza vitu kwa mbao, na mwenye ufundi huo ni seremala. Anayejifunza kazi chini ya fundi huitwa mwanagenzi, ingawa katika karakana nyingi za Tanzania jina lililozoeleka ni saidia fundi. Jina hili limeundwa kwa kitenzi na nomino, halibadiliki katika wingi, na upatanisho wake ni wa viumbe hai: saidia fundi amefika, saidia fundi wawili wamefika.

Makala haya yanaeleza maneno ya msingi ambayo mwanagenzi mwenye zana chache anapaswa kuyatofautisha, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Eneo hilo lina fundi wa aina mbili wanaotegemea mti: yule wa milango, vitanda na kenchi za paa, na yule wa machimbo madogo ya dhahabu anayezuia kuta za shimo zisiporomoke. Vijana huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, nao huhama na maneno yao. Neno lililo sawa machimboni linaweza kuharibu kazi karakanani, na lile lililotumiwa kizembe karakanani linaweza kuleta msiba machimboni. Chanzo cha tatizo ni kwamba katika ufundi huu kitenzi ndicho agizo. Fundi haelezi kwa kirefu. Husema neno moja, na mkono wa mwanagenzi hufuata neno hilo kama alivyolielewa.

Ubao ulioharibika una gharama. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa miti enzi za ukoloni ili kupambana na mbung'o, kisha kilimo na mifugo vikaongeza upungufu huo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa kifupi cha HASHI, ulianza mwaka 1986 na kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa ili majani na miti vipate kurudi. Mahali ambapo watu wamelazimika kuurudisha mti kwa miaka mingi namna hiyo, kosa la neno moja linalotupa ubao mzima si kosa dogo.

Ubao na mbao

Ubao ni nomino ya ngeli ya U-ZI: ubao umepinda, mbao zimepinda. Katika maduka na karakana husikika mno "mbao moja" na "mbao imepinda", kana kwamba umoja wake ni mbao. Sababu yake inaeleweka. Neno ubao limechukuliwa na shule na ofisi, likamaanisha ubao wa kuandikia na ubao wa matangazo. Muuza mbao anapotaka kutaja kipande kimoja cha bidhaa yake, huliacha neno hilo na kukimbilia umbo la wingi. Katika maandishi rasmi, kama vile makadirio ya gharama na stakabadhi, umbo sahihi ni ubao mmoja, mbao mbili.

Mti unapotajwa kwa jina, tofauti ya mti na mbao zake huonyeshwa kwa kiunganishi: mti wa mninga, mbao za mninga. Mninga, mti wa miombo unaotoa utomvu mwekundu kama damu, hupendwa na maseremala kwa kuwa mbao zake hutulia zikishakauka. Msonobari, ambao mafundi wengi huuita paina, una mbao laini zinazomfaa anayeanza. Mkaratusi hutumika zaidi ukiwa mirunda, yaani nguzo za mviringo za ujenzi, na una tabia ya kupasuka na kujipinda unapokauka. Kwa hiyo sifa mbili ni za lazima katika agizo lolote la mbao: mbichi au kavu. Meza iliyoungwa kwa mbao mbichi hulegea maungio yake miezi michache baadaye, hata kama mkono ulioiunga ni hodari.

Kipande cha nje cha gogo, chenye gamba upande mmoja, huitwa banzi, wingi mabanzi. Si ubao, wala haitwi hivyo. Mabanzi hutumika kwa uzio na vibanda, na kwa kuwa bei yake ni ndogo, ndiyo daftari la kwanza la mwanagenzi: hapo hujifunza kukata, kupasua na kupigilia misumari kabla ya kukabidhiwa ubao.

Kukata na kupasua

Hapa ndipo penye kosa linalogharimu mbao nyingi kuliko mengine. Katika lugha ya kila siku, kukata kunatosha kwa karibu kila kitu. Katika useremala, kukata ni kutenganisha ubao kwa kuvuka nyuzi zake, na kupasua ni kuutenganisha kwa urefu, kufuata nyuzi. Ubao ukikatwa hupungua urefu. Ukipasuliwa hupungua upana au unene. Ndiyo maana wanaogeuza magogo kuwa mbao huitwa wapasuaji, na kazi yao ni kupasua mbao, si kukata mbao. Anayeangusha mti ndiye hukata.

Fundi akisema "Ukate huu kati", anataka vipande viwili vifupi vya upana uleule. Akisema "Upasue huu kati", anataka vipande viwili vyembamba vya urefu uleule. Mwanagenzi aliyechanganya vitenzi hivi viwili amekwisha kupoteza ubao kabla ya kugusa msumeno.

Lugha inaiweka tofauti hii hata katika majina ya zana, kwa kutumia kauli ya kutendea. Msumeno wa kukatia una meno yaliyonolewa kwa ubavu, kila jino likikata uzi kama kisu. Msumeno wa kupasulia una meno yaliyonolewa kwa kunyooka, kila jino likichimba kama patasi ndogo. Kauli hiyohiyo humwokoa asiyejua jina la kifaa: chombo cha kupimia, jiwe la kunolea, ubao wa kushikizia. Jina la namna hiyo linakubalika katika Kiswahili sanifu, na ni bora kuliko kubuni neno.

Neno msumeno lenyewe lina historia ndani yake: mna su, shina linaloonekana pia katika kisu, na mna meno. Methali husema kwamba msumeno hukata mbele na nyuma, na watu huitumia kusema kuwa sheria haimchagui mtu. Kwa mwanagenzi methali hiyo ihifadhiwe barazani. Ni kweli kwa msumeno mrefu wa watu wawili wa kukatia magogo, ambao kila upande hukata unapovuta. Msumeno wa kawaida wa mkono hukata unaposukumwa, na unaporudi hurudi tu. Anayeukandamiza wakati wa kurudi huchoka haraka, huyafanya meno kuwa butu, na mstari wake huenda mrama.

Patasi na tindo

Patasi ni chuma chenye ncha bapa iliyonolewa, kilichotiwa mpini, cha kuchimbia na kuchongea mbao. Tindo ni chuma kigumu cha kukatia mawe au metali, kinachogongwa kwa nyundo nzito. Kijana aliyeanza kazi kwenye mwamba wa Nyarugusu au Kahama ameijua tindo kabla ya patasi, na kwa kuwa zote mbili hugongwa kichwani, ni rahisi kuiita patasi tindo.

Kosa hili haliishii katika jina. Anayeiita patasi tindo huitendea kama tindo: huigonga kwa nyundo ya chuma, mpini ukapasuka, huilaza mahali popote, makali yakavunjika, huitumia kuondoa kipande kikubwa kwa pigo moja, ubao ukachanika. Patasi hugongwa kwa nyundo ya mti, au husukumwa kwa kiganja, na huondoa mbao kidogokidogo. Vitenzi vyake pia ni tofauti. Tindo huvunja na hupasua mwamba. Patasi huchimba tundu na husawazisha kingo.

Mpaka wa namna hiyo upo kati ya msumari na parafujo. Msumari hupigiliwa au hugongomelewa. Parafujo, ambayo wengi huiita skrubu, hukazwa na kulegezwa kwa bisibisi. "Kupigilia skrubu" ni kosa la lugha na la ufundi kwa pamoja, kwa sababu parafujo iliyogongwa huzikwangua nyuzi zilizopaswa kuishika.

Sanduku la seremala ni historia fupi ya Kiswahili. Nyundo ni neno la Kibantu. Msumari umetoka Kiarabu, parafujo Kireno, randa Kiajemi, na skwea Kiingereza. Maneno hayo yote sasa ni ya Kiswahili na hufuata sarufi yake. Hakuna sababu ya kuliona moja kuwa halali kuliko jingine, mradi kila moja lishike zana yake.

Randa, maranda na sauti ya r

Randa ni zana ya kulainishia uso wa ubao. Kitendo chake ni kupiga randa, na watu wengi husema pia kuranda ubao. Isichanganywe na kitenzi kingine kinachoandikwa vivyo hivyo, chenye maana ya kuzurura au kutembea kwa maringo. Muktadha hutosha kuvitenga. Vipande vyembamba vilivyojikunja vinavyotoka kwenye randa huitwa maranda, neno lisilo na umoja katika matumizi ya kawaida. Vumbi linalotoka kwenye msumeno si maranda. Huitwa unga wa mbao au vumbi la mbao. Wafugaji wa kuku wanaonunua maranda kwa ajili ya mabanda hulijua jambo hili vizuri, kwa sababu vumbi halifai kazi hiyo.

Randa hupigwa kufuata nyuzi. Ikipigwa kinyume cha nyuzi, uso wa ubao hukwanyuka na kubaki na makovu ambayo msasa hauyaondoi kirahisi. Msasa wenyewe kwa asili ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani yenye kazi hiyohiyo.

Kwa kuwa Kisukuma hakina sauti r, wasemaji wengi wa Shinyanga na Geita hutamka landa na selemala. Katika mazungumzo ya karakana hakuna anayepotea. Katika maandishi ya kibao cha biashara, zabuni au mtihani wa ufundi, tahajia sanifu ni randa na seremala. Kinachosahihishwa hapa ni herufi. Lafudhi ni mali ya msemaji.

Vipimo

Karakana hupima kwa inchi na futi, shule hupima kwa sentimita na mita, na utepe mmoja wa kupimia huonyesha zote mbili, kila kipimo ukingoni mwake. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Mwanagenzi akiambiwa "nne" bila jina la kipimo, anaweza kukata kipande kisichofika hata nusu ya kilichotakiwa. Namba pekee haijakamilisha agizo.

Mbao hutajwa kwa unene kwanza, kisha upana, kisha urefu: mbili kwa nne ya futi kumi na mbili ni ubao wa unene wa inchi 2, upana wa inchi 4 na urefu wa futi 12, yaani takriban mita 3.66. Vipimo hivyo ni vya ubao kabla ya kupigwa randa; baada ya kulainishwa hupungua.

Pembe mraba hupimwa kwa skwea, ambayo mafundi wa ujenzi huiita pia gonia. Usawa wa kulala hupimwa kwa pimamaji, na unyoofu wa kusimama kwa timazi. Kusema kitu "kimenyooka" hakutoshi, kwa sababu nguzo inaweza kunyooka yenyewe na bado ikasimama ikiwa imeinama. Nguzo iliyosimama wima imekwenda timazi. Benchi lililolala sawa limekwenda na pimamaji.

Kigoda: vitenzi kwa mpangilio

Kazi ya kwanza inayofaa ni kigoda, kiti kifupi cha kukalia jikoni au uani. Kisukuma hukiita kiti isumbi. Zana zinazohitajika ni utepe, penseli, skwea, msumeno wa kukatia, randa, nyundo na msasa. Vipande ni vinne: ubao wa kukalia, mbao mbili za kusimama, na kipande kimoja cha kuzishikiza kati.

Mwanagenzi kwanza hupima na kutia alama. Huchora mstari kwa skwea pande zote za ubao, kwa sababu mstari wa upande mmoja huonyesha msumeno unapoanzia tu, si unapoelekea. Kisha hukata, akiuweka msumeno nje kidogo ya mstari, upande wa kipande kinachotupwa. Msumeno una unene, na unene huo hugeuka kuwa vumbi. Anayekata juu ya mstari hupata kipande kilichopunguka.

Baada ya kukata, hupiga randa kufuata nyuzi, akikagua kwa skwea. Kisha hujaribisha, yaani huvipanga vipande bila gundi wala msumari kuona kama vimekaa. Hatua hii husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo hatua ya mwisho ambayo kosa bado linarekebishika. Ndipo hutia gundi na kupigilia misumari. Karibu na ncha ya ubao msumari huweza kuupasua ubao kwa kufuata nyuzi. Hapo hutoboa kwanza kwa keekee, au huusogeza msumari ndani. Mwishowe hupiga msasa.

Katika hatua zote hizi mwanagenzi hakuchonga. Kuchonga ni kuunda umbo kwa kuondoa mbao kwa tezo, shoka au kisu, kama inavyofanyika kwa mpini, mwiko au kinu. Hata hivyo, mteja husema amechongesha kitanda, akimaanisha amemwagiza fundi amtengenezee, na matumizi hayo yameshika mizizi. Miguu ya kitanda, iitwayo matendegu, ikiwa ya mviringo hukerezwa kwa mashine. Basi kitanda kimoja kilichochongeshwa huweza kupasuliwa, kukatwa, kurandwa, kukerezwa na kuungwa bila kuchongwa hata kidogo.

Matimba

Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, shimo la dhahabu huitwa duara, wingi maduara, hata likiwa na pembe nne. Magogo yanayowekwa kuzuia kuta na dari lake huitwa matimba. Neno hili, ambalo huenda limetoka Kiingereza, limeenea katika habari na katika mazungumzo ya wachimbaji; kazi linayoitaja haina jina jingine fupi. Linastahili nafasi katika kamusi yoyote inayotaka kukitumikia Kiswahili cha kazi.

Ndani ya matimba, maneno yaliyoelezwa hapo juu hupata uzito mwingine. Nguzo husimama na kupokea uzito kutoka juu. Boriti hulala na kuuhamishia uzito huo kwenye nguzo. Kabari ni kipande chenye ncha nyembamba kinachochomekwa kukaza nafasi iliyobaki. Gogo la nguzo hukatwa, halipasuliwi. Likipasuliwa katikati, upana wake umepungua na uwezo wake wa kubeba umepungua sana. Nguzo iliyokatwa kwa sentimita badala ya inchi haigusi dari. Nguzo iliyonyooka lakini haikwenda timazi husukumwa pembeni na uzito uleule iliowekwa kuubeba. Na gogo bichi lililokazwa leo hulegea likikauka.

Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walinaswa chini ya ardhi katika mgodi mmoja mkoani Geita, wakaokolewa wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Wengine katika ukanda huo hawakupata bahati hiyo, na maneno "kufukiwa na kifusi" yamekuwa ya kawaida katika habari za huko. Si kila ajali ya duara hutokana na mti, na aliyejua kutengeneza kigoda hajawa fundi wa matimba. Kazi hiyo hufanywa chini ya mwenye uzoefu. Lakini mahali ambapo agizo hupigiwa kelele kutoka juu ya shimo kwenda chini, gizani, neno lenye maana mbili ni hatari.

Karakana zenye nidhamu zina desturi nyepesi inayofaa kuigwa: mwanagenzi huurudia mwito wa fundi kwa kitenzi, kipimo na jina la kipimo kabla ya kushika zana. "Nikate, inchi ishirini na nne." Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hupendelea swali kuliko ubao uliopotea.

Muhtasari wa maneno

*Banzi (ma-)*: kipande cha nje cha gogo chenye gamba.
*Gonia*: skwea, kifaa cha kupimia pembe mraba.
*Kabari*: kipande chenye ncha nyembamba cha kukazia.
*Kata*: tenganisha ubao au gogo kwa kuvuka nyuzi.
*Kereza*: fanya kipande cha mti kiwe mviringo kwa mashine.
*Maranda*: vipande vyembamba vinavyotoka kwenye randa.
*Matimba*: magogo ya kuzuia kuta na dari la shimo la mgodi.
*Parafujo*: skrubu, hukazwa, haipigiliwi.
*Pasua*: tenganisha ubao au gogo kwa kufuata nyuzi.
*Patasi*: chuma chenye makali cha kuchimbia mbao.
*Timazi*: uzi wenye uzito wa kupimia wima.
*Tindo*: chuma cha kukatia mawe au metali.